Chini ya Kiti cha Dereva

Kwenye Toyota HiAce injini haikai mbele. Iko chini ya viti vya dereva na abiria wake. Ukitaka kuiona unainua kiti, unakunja zulia, unafungua vibanio vya kifuniko, halafu unachungulia ndani ya shimo la chuma lenye joto na harufu ya dizeli. Hata hapo huioni nzima, unaona mgongo wake tu. Stata unaifuata kwa chini ukiwa umelala chali. Nati nyingine fundi anaweza kuzifungua na kuzifunga miaka nenda rudi bila kuzitia machoni. Ndiyo maana utamkuta amepiga magoti ndani ya gari, kifua kimelalia fremu ya kiti, mkono umezama hadi begani, na macho yake yako kwenye kioo cha mbele lakini hayatazami kitu. Kinachoona wakati huo ni vidole.

Nimewatazama mafundi hawa kwa muda mrefu, Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoona kwamba tunawasifu kwa jambo lisilo kubwa. Tunamsifu fundi kwa kufungua na kufunga upesi. Kufungua na kufunga ni kazi ambayo kijana yeyote mwenye nguvu na utulivu ataijua akikaa gereji. Kazi kubwa inafanyika kabla spana haijashikwa, pale fundi anapotafuta kilichosababisha. Gasketi iliyoungua ni matokeo, na mkanda uliokatika ni matokeo vilevile. Anayebadilisha spea akaiacha sababu ndani ya gari atalipwa leo, na gari litarudi wiki ijayo likivutwa kwa kamba.

Gari lenyewe ni la siku nyingi. Toyota walianza kulitengeneza mwaka 1967. Yaliyojaa huku kwetu ni matoleo mawili: H100, lililotoka mwaka 1989, na H200 la mwaka 2004, refu na lenye uso uliosimama. Kwa Dar hizi ndizo zilizoitwa vipanya, Arusha zikaitwa vifodi, na Kenya ni matatu za watu 14. Karibu zote zilikuja zikiwa zimetumika Japani, ambako zilibeba vifaa vya seremala, samaki wa dukani, au wageni wa hoteli. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Tanzania hulipokea, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Likishafika, linaanza kazi nzito kuliko ile ya kwanza: safari kuanzia alfajiri hadi usiku, watu zaidi ya viti, na barabara ambayo baada ya mvua hubaki mashimo.

Kwa hiyo fundi anayeletewa gari jipya kwake huanza kwa kulisoma. Kilomita za dashibodi haziamini, kwa sababu zinaweza kurudishwa nyuma. Anaangalia mpira wa pedali ya klachi umelika kiasi gani, usukani unavyong'aa pale mikono inaposhika, na ukingo wa kiti cha dereva ulivyobonyea. Kisha anatafuta stika. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika karatasi ndogo kwenye nguzo ya mlango au karibu na injini, inayoonyesha oili ilibadilishwa lini na mkanda wa taimingi ulibadilishwa kilomita ngapi. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile zetu, na mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao. Mafundi kadhaa wa hapa, ambao hawajawahi kutoka nje ya nchi, wanajua kwamba mwaka wa enzi ya Heisei unajumlisha na 1988: 18 ni 2006, 20 ni 2008. Basi kama stika inasema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 148,000 na dashibodi inaonyesha 96,000, fundi hana haja ya kubishana na mtu. Anaagiza mkanda mpya.

Halafu anaingia chini kutazama kutu. Sehemu za kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma kwa miaka mingi, hata gari likishahamia nchi ya joto. Na kuna jambo la HiAce ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Matoleo mengi ya Japani yana hita ya abiria wa nyuma, na maji ya moto yanaifikia kwa mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu, juu ya chesesi, mahali pasipofikiwa na jicho wala brashi. Mabomba hayo huoza.

Niliona kazi ya mabomba hayo siku ilipoletwa kwa fundi mmoja mzee HiAce ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo wala kompyuta, injini ambayo mafundi wa kizazi kilichopita waliijua mpaka moyoni mwake. Dereva alishuka amechoka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Gari inasemaje?"

"Inakunywa maji. Tumeshabadilisha gasketi mara mbili kwingine, bado inachemka."

Mzee hakuinua kiti. Alivuta ndoo, akaikalia, akaanza kuuliza. Inachemka ikipanda mlima au ikiwa kwenye foleni? Swali hilo lina uzito, kwa sababu gari linalochemka foleni na kupoa likikimbia lina ugonjwa wa feni, na linalochemka mlimani mara nyingi rejeta yake imeziba. Dereva akasema kokote. Hozi ya juu inakuwa ngumu? Ndiyo. Asubuhi, kabla hujawasha, ukifungua rejeta unakuta maji yamepungua?

"Kila siku lazima nijaze, hata kama jana yake haikuchemka."

Nilimwona mzee akitulia pale. Gari linalopoteza maji likiwa limelala halipotezi kwa sababu ya kuchemka. Linachemka kwa sababu linapoteza.

Kwanza alithibitisha lililo wazi. Injini ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, ikawashwa, na mapovu yakaanza kupanda yakifuatana. Gasketi ya tatu nayo ilikuwa imeungua. Kwa fundi mwenye haraka kazi ingekuwa imepatikana: nunua gasketi, fungua hedi, pokea hela. Yeye akazima, akajaza maji, akafunga kwenye mdomo wa rejeta kipampu cha mkono chenye geji, akasukuma hadi mgandamizo ulioandikwa kwenye mfuniko. Sindano ikaanza kushuka polepole. Chini hapakuwa na tone.

"Dogo, ingia na tochi. Usiangalie injini. Angalia juu ya chesesi, upande wa mlango."

Kijana alikaa kule chini kitambo, tukisikia viatu vyake vikikwaruza changarawe. Kisha akasema kuna bomba limeloa. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, limejificha nyuma ya kishikizo. Maji yalitoka kwa kuvuja kidogo kidogo yakatambaa juu ya chuma, na gari likiwa safarini upepo na joto viliyakausha kabla hayajafika ardhini. Usiku yalivuja yakaishia ndani ya chesesi. Hivyo ndivyo gasketi tatu zilivyoungua. Mzee aliikata ile njia ya hita ya nyuma karibu na injini, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha hozi ngumu na klipu mbili. Joto la Dar es Salaam halidai hita.

Baada ya hapo ndipo hedi ilipofunguliwa, na hapa niombe msomaji anivumilie, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Hedi ya injini hizi ikichemshwa hupasuka, mara nyingi kati ya valvu na valvu, ufa mwembamba ambao jicho linaupita. Mzee aliiosha hedi kwa petroli, akakwangua mabaki ya gasketi kwa kipande cha mbao ngumu, maana bisibisi huacha mikwaruzo, akaikausha. Kisha akapaka mafuta ya taa kwenye uso wote, akayaacha yaingie. Akafuta kwa kitambaa kikavu, akafuta tena. Akasaga chaki mbili za darasani na kuunyunyiza unga wake kati ya valvu zote. Tukasubiri. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa hayafutiki kwa kitambaa. Yanapanda taratibu na kuulowesha unga, na ufa unajichora wenyewe kwa mstari wa kijivu. Kuna dawa za kupulizia za kiwandani zinazofanya kazi hiyohiyo, nyekundu na nyeupe, na ni nzuri. Lakini chaki na mafuta ya taa vinapatikana popote palipo na shule na duka, na havidanganyi. Silinda ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu nilidhani naona mstari. Mzee akapuliza unga, akarudia, haukuonekana tena. Ya nne, safi.

Akaweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana, kisha kwa kukingama kona hadi kona, na kila mara alijaribu kupitisha chini yake fila, vile vibamba vya kupimia ambavyo chembamba kati yake mara nyingi ni cha milimita 0.05. Kibamba kilipopita mahali kisipotakiwa kupita, hedi ilipelekwa kwa watu wa mashine kukwanguliwa, na akawasisitizia wakwangue kidogo kabisa, kwa sababu kwenye dizeli valvu na pistoni zinakaribiana mno. Ilipofika wakati wa kufunga, boliti zilianza kukazwa katikati kwenda nje, kwa awamu, spana ya kupimia nguvu ikilia kila inapofika kiwango. Awamu za mwisho hazipimwi kwa nguvu, zinapimwa kwa mzunguko. Alichovya kijiti kwenye rangi nyeupe akatia nukta kwenye kichwa cha kila boliti, zote zikitazama mbele ya gari. Kila boliti ikazungushwa nyuzi 90. Nukta zote zikatazama pembeni, na ile iliyobaki nyuma kidogo ilionekana mara moja, ikafuatwa kabla ya awamu iliyofuata.

Alirudisha pia thermostati, ambayo mafundi waliotangulia walikuwa wameitoa. Hili naliona kosa kubwa la gereji zetu. Gari likichemka, kitu cha kwanza kutupwa ni thermostati, kwa imani kwamba maji yatapita bila kizuizi. Kwenye injini ambazo thermostati yake ina kisahani cha chini, kisahani hicho ndicho kinachoziba njia fupi ya maji injini ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta kabisa. Unakuwa umeondoa mlinzi na kumfungulia mwizi mlango.

Mkanda wa taimingi hauhitaji maneno mengi. Kwenye jamii ya 3L na 5L hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika njiani valvu hugongana na pistoni. Fundi makini akishaoanisha alama haharakishi kuwasha. Huzungusha injini kwa spana raundi mbili kamili na kuzitazama alama upya. Mlango wa kuburuta nao ni wa kawaida: konda anaufungua na kuufunga mamia ya mara kwa siku, viroli vinakwisha, mlango unashuka, komeo halikutani na mwenzake. Wengi hugongea komeo kwa nyundo. Dawa ni viroli.

Springi za nyuma zinataka maneno zaidi, kwa sababu pale uhai wa watu umo. Gari likibeba mzigo mkubwa, springi za majani hulala, na mwenye gari huomba aongezewe majani mawili matatu. Fundi wa springi anaongeza, nyuma inanyanyuka, kila mtu anafurahi. Lakini HiAce nyingi za mizigo zina valvu ya breki iliyoungwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Kazi yake ni kupima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani: ikishuka, valvu inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi, ikiwa juu, inaelewa gari ni tupu na kuzipunguza, ili magurudumu yasijifunge. Ukiongeza majani bila kurekebisha ile fimbo, gari limejaa watu huku valvu inaamini halina mtu. Dereva ataona tu kwamba breki za mbele zinakwisha upesi na kwamba gari linachelewa kusimama. Nimemsikia fundi mmoja akikataa kulitoa gari mpaka fimbo irekebishwe, mwenye gari akifoka kwamba yeye alileta springi, hakuleta breki. Fundi hakupandisha sauti. Alishika funguo.

Katika hayo yote, mteja hulipia spea bila maneno mengi na kugombania ufundi. Anaona gasketi kwa macho. Zile dakika za maswali juu ya ndoo haoni kwamba ni kazi. Mzee yule hana cheti cha darasani, alijifunzia chini ya magari ya wengine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima ujuzi wa mafundi wa namna hiyo na kuwatambua kwa cheti, na nadhani ni jambo la haki kabisa, ingawa sijui kama karatasi yoyote inaweza kuandika alichokijua aliposikia neno "asubuhi".

Sasa injini zimebadilika. H200 nyingi za dizeli zina 1KD au 2KD, ambazo dizeli yake husukumwa na pampu hadi kwenye bomba moja la pamoja, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila injekta ifungue lini. Hapa baadhi ya maarifa ya zamani yamegeuka hatari. Kwenye 3L, ukitaka kujua silinda ipi haifanyi kazi, unalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine injini ikinguruma. Sauti isipobadilika, umeipata mgonjwa. Ukijaribu hivyo kwenye 1KD, dizeli inatoka kwa mgandamizo ambao kwenye mfumo huu unaweza kuzidi ule wa hewa mara 1,000, nguvu ya kupenya ngozi na kuingia mwilini. Mafundi wazee wamelazimika kuisahau mikono yao. Niliyemwona akifanya hivyo kwa heshima kuliko wote ni mzee yuleyule. Alimwajiri kijana mwenye kompyuta ya kusomea magari, akamwachia meza safi kabisa ya gereji, na akawa anamwita fundi mbele ya wateja.

Walifanya kazi pamoja kwenye HiAce ya mama mmoja anayepeleka watoto shule. Gari lilikuwa linatetemeka likiwa limesimama, na lina moshi asubuhi. Kijana alichomeka waya, akasoma namba nne, moja kwa kila silinda, zinazoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza dizeli kiasi gani ili injini itulie. Tatu zilikuwa karibu na sifuri. Ya silinda ya tatu ilikuwa mbali. Injekta imechoka, akasema, na alisema kweli.

Mama akafungua pochi kuuliza bei ya injekta moja. Mzee akamuuliza yeye swali.

"Mama, asubuhi ukiwasha, taa ya oili inachelewa kuzima?"

Akafikiri. "Kidogo. Zamani ilikuwa haichelewi."

Chini ya kila injekta ya injini hii kuna sili ya shaba. Ikichoka, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili, oili inajaa masizi mazito, na masizi yanashuka hadi kwenye chujio lililo chini kabisa ya sampu, mdomo ambao pampu ya oili hunyonyea. Chujio likiziba, injini inakosa oili huku oili ikiwa imejaa. Kompyuta haina namba ya jambo hilo. Mzee alieleza kwamba injekta itabadilishwa, lakini sampu inafunguliwa kwanza, na sili zitabadilishwa zote nne.

Ilifunguliwa mchana huohuo. Zaidi ya nusu ya matundu ya lile chujio yalikuwa yamefunikwa na ukoko mweusi, mgumu, uliotoka kwa vipande kijana alipoukwangua kwa kucha. Mama alilishika, akalitazama kwa muda, akauliza lingeenda mpaka lini. Mzee akasema hawezi kujua, na kwamba hiyo ndiyo sababu hakutaka watoto wapande kesho. Wakaandika orodha ya kwenda nayo dukani: injekta moja, sili nne za shaba, chujio la sampu, filta ya oili, oili ya kusafishia na oili ya kutumia, na gasketi ya kava ya valvu, ambayo kijana alikuwa ameisahau na mzee akaiongeza kwa mkono wake.